Michezo ya Video na Jina la Spoti

Lugha ya Kiswahili ni karimu sana katika neno mchezo. Mtoto arukaye kamba yumo mchezoni. Wazee wawili walioinamia bao lenye mashimo 32 na kete 64 wamo mchezoni. Waigizaji walio jukwaani wamo mchezoni, na vijana 22 waufukuzao mpira uwanjani wamo mchezoni vile vile. Kwa sababu hiyo Mswahili akiulizwa kama mashindano ya michezo ya video ni mchezo, hana haja ya kufikiri. Jina lenyewe limekwisha kujibu. Ubishi huanza linapoingia neno jingine, neno spoti, ambalo magazeti na vijana hulitumia kwa maana nyembamba zaidi. Spoti ni mchezo ule ambao serikali huutungia sheria, shule huutengea saa, hazina huutolea fedha, na taifa huupa bendera yake. Basi, msomaji, swali lililo mbele yetu si la kamusi peke yake. Apewaye jina hilo hupewa na heshima na mali pamoja nalo; anyimwaye hunyimwa vyote.

Watu wanaolijibu swali hili wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba kijana aliyeketi kitini hatoki jasho. Kwamba mashine ndiyo ifanyayo kazi. Kwamba jambo lote hili ni anasa ya wenye nafasi. Kundi la pili husema kwamba dunia imekwenda mbele. Kwamba watazamaji ni mamilioni. Kwamba medali zimekwisha kutolewa, na abishaye ni mtu aliyeachwa nyuma na wakati. Kila kundi hulicheka jingine, na kicheko si hoja. Kazi yangu katika insha hii ni kuzipima hoja za pande zote mbili kwa mizani moja. Nakuomba uishike mizani hiyo pamoja nami, wala usilikubali neno lolote kwa sababu tu limetamkwa na mwalimu.

Kwanza na tuyajue mambo yenyewe. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, nchini Marekani, waliutunga mchezo ulioitwa Spacewar, ambamo vyombo viwili vya angani hupigana katika kioo cha kompyuta. Miaka kumi baadaye, tarehe 19 Oktoba 1972, mashindano ya mchezo huo yalifanywa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Zawadi ya mshindi ilikuwa kuletewa gazeti moja kwa muda wa mwaka mzima. Hapo ndipo tulipoanzia. Mwaka 2021 mashindano makuu ya mchezo uitwao Dota 2 yaligawa zawadi zilizozidi dola milioni 40. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018, nchini Indonesia, michezo ya video ilikuwa ya maonyesho tu. Katika ile iliyofanywa Hangzhou, nchini China, mwaka 2023, ilitolewa medali kamili. Huko Kim Gwan-woo wa Korea Kusini, mtu wa miaka 44, aliitwaa dhahabu ya mchezo wa Street Fighter V. Kikosi cha nchi hiyo hiyo, ambacho Lee Sang-hyeok, ajulikanaye kwa jina la Faker, alikuwa mmoja wao, kiliitwaa dhahabu ya League of Legends. Sheria ya Korea Kusini humpunguzia mshindi wa dhahabu ya Asia mzigo wa utumishi wa jeshi uwapasao vijana wa kiume wa nchi hiyo. Waona, basi, kwamba jina la spoti laweza kuugeuza mwendo wa maisha ya mtu.

Sasa tuzipime hoja za kundi la kwanza. Hoja ya jasho ndiyo itajwayo zaidi, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Kulenga shabaha kwa bunduki kumekuwamo katika Olimpiki tangu ile ya Athens ya mwaka 1896, na mlengaji hodari hutafuta kutotikisika kabisa. Shirikisho la sataranji lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999, ingawa mcheza sataranji hunyanyua kete ndogo tu. Tena si kweli kwamba mwili wa mcheza video umelala. Wachezaji mahiri wa mchezo wa StarCraft hutenda kwa vidole vyao zaidi ya mara 300 kwa dakika moja, katika kibodi na kipanya, kila tendo likiwa na maana yake. Viganja vyao huumia. Jian Zihao wa China, aitwaye Uzi, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji maarufu mno wa League of Legends, alitangaza kustaafu mwezi wa Juni 2020 akiwa na miaka 23, akitaja kisukari na maumivu ya mkono. Baadaye alirejea mchezoni.

Walakini wale wanaoitetea michezo ya video wasiishangilie hoja hii upesi. Maumivu si ushahidi wa spoti. Mpiga chapa huumwa viganja, na fundi cherehani huumwa mgongo, wala hatuwavishi medali. Jasho haliutii mchezo katika daraja hili, wala kukosekana kwa jasho hakuutoi. Ukitaka kuona jinsi kipimo hiki kinavyoyumba, tazama mchezo wa karata uitwao bridge. Kamati ya Olimpiki, yenye makao yake Lausanne, imelitambua shirikisho la mchezo huo. Lakini mwezi wa Oktoba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikaayo Luxembourg, ilihukumu katika shauri la kodi kwamba bridge si spoti, kwa kuwa kazi ya mwili iliyomo ni kidogo mno. Karata ni zile zile na wachezaji ni wale wale. Ila Lausanne waheshimiwa kwa mlango mmoja, na Luxembourg watolewa kwa mwingine.

Hoja ya mashine nayo haisimami mbele ya Mkenya. Mbio za magari za Safari zilianza katika nchi zetu za Afrika Mashariki mwaka 1953, na mwaka 2021 zilirudi katika mashindano ya dunia. Dereva wa mbio hizo ameketi. Mashine ndiyo imbebayo. Na bei ya gari lake yatosha kujenga madarasa. Sijapata kusikia mtu wa Naivasha akisema kwamba ile si spoti. Sisi sote twajua kwamba gari halijiendeshi katika tope na vumbi, na kwamba mkono wa dereva na jicho lake ndivyo vinavyoshindana. Tukikubali hayo kwa mwenye usukani, hatuwezi kuyakataa kwa mwenye kibodi.

Hoja ya anasa ina uzito zaidi, nami sitaidharau. Mtoto yeyote aweza kufunga matambara na mifuko kwa kamba akapata mpira, akacheza na wenzake mpaka jua kuchwa. Hawezi kufunga matambara akapata kompyuta, wala hawezi kuiwasha pasipo umeme. Hata hivyo mlango huu haukufungwa kabisa kwa watu wa nchi zisizo tajiri. Mwaka 2019 Arslan Siddique wa Lahore, nchini Pakistani, aitwaye Arslan Ash, alikwenda Japani katika mashindano ya mchezo wa Tekken, wakati ambapo wachache nje ya nchi yake walilijua jina lake. Akashinda. Mwaka huo huo akaenda Las Vegas akashinda tena. Hapa kwetu Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, aliandikishwa na timu ya Marekani iitwayo UYU mwaka 2018. Basi gharama ni kizuizi cha haki kulalamikiwa, lakini si sababu ya kuukatalia mchezo jina. Maana farasi na mashua za tanga ni ghali kupita kompyuta, navyo vimo katika Olimpiki.

Hoja za kundi la kwanza zimekwisha, nazo hazikutosha. Je, za kundi la pili zatosha?

Husema kwamba watazamaji ni wengi na fedha ni nyingi. Ni kweli, lakini wingi wa watu huonyesha kwamba soko lipo. Hauonyeshi ni kitu gani kiuzwacho. Harusi ya mfalme hutazamwa na watu wengi kuliko mbio za mita 800, wala harusi haiwi spoti kwa sababu hiyo. Bao huchezwa barazani mbele ya watazamaji watatu, na ustadi wake haupungui kwa uchache wao.

Husema tena kwamba medali zimekwisha kutolewa. Hapa, msomaji, nataka ukumbuke jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 1912 mpaka mwaka 1948 Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikitoa medali kwa washairi, wanamuziki, wachoraji, wachongaji na wabuni wa majengo. Mtu aliweza kurudi kwao na dhahabu ya Olimpiki kwa kutunga shairi. Je, shairi lilikuwa spoti kwa miaka 36, kisha likaacha kuwa spoti? Mtu mwenye akili hatasema hivyo. Medali hutuambia yale ambayo kamati imeyakubali kwa wakati fulani. Haituambii asili ya kitu. Na kamati hiyo yenyewe imekwenda mbele na kurudi nyuma katika jambo hili. Mwezi wa Juni 2023 ilifanya juma la michezo ya video huko Singapore. Mwezi wa Julai 2024 ilitangaza Olimpiki ya michezo ya video, ikishirikiana na Saudi Arabia, ianze mwaka 2025. Kisha tarehe ikasogezwa hadi mwaka 2027. Mwezi wa Oktoba 2025 pande hizo mbili zikaachana. Atakayeijenga hoja yake juu ya maamuzi ya kamati ameijenga juu ya mchanga wa pwani.

Hapana budi, basi, kutafuta kipimo kingine kisichotegemea jasho wala umati. Mimi natoa kipimo chenye sehemu tatu. Ya kwanza, mchezo uwe na ustadi upatikanao kwa mazoezi, na mshindi ashinde kwa ustadi huo kuliko kwa bahati. Ya pili, uwe na sheria moja kwa wote, na waamuzi wa kumwadhibu mwenye hila. Ya tatu, mchezo wenyewe na sheria zake uwe ni amana ya wale wauchezao, usiwe mali ya mtu mmoja awezaye kuwafungia mlango.

Sehemu ya kwanza michezo ya video imeipita. Mtu mmoja hawezi kuwashinda mabingwa wa Japani na wa Marekani katika mwaka mmoja kwa bahati nasibu.

Sehemu ya pili imeipita kwa kujikwaa. Mwaka 2010 ilifichuka huko Korea Kusini kwamba baadhi ya wachezaji wa StarCraft walikuwa wameuza mechi kwa wacheza kamari, na wachezaji 11 walifungiwa maisha. Mwaka 2015, baada ya mchezaji mmoja kukiri hadharani kwamba yeye na wenzake walitumia dawa za kuamsha akili, shirika la ESL lilianza kuwapima wachezaji. Mambo haya ni ya aibu, lakini hayaitoi michezo ya video katika daraja. Riadha yetu ya Kenya, tuipendayo sana, imekwisha kuona wakimbiaji wengi wakifungiwa kwa ajili ya dawa. Penye ushindani pana hila. Jambo kubwa ni kuwapo mtu wa kuizuia.

Sehemu ya tatu ndiyo nzito. Mwezi wa Desemba 1891 mwalimu James Naismith alitungika vikapu viwili katika ukumbi wa mazoezi wa Springfield, nchini Marekani, akawaandikia wanafunzi wake sheria 13. Ndio mwanzo wa mpira wa kikapu. Leo ukitungika pete ya chuma juu ya mti nyumbani kwenu, huhitaji idhini ya ukoo wa Naismith, wala hapana atakayekuja kuing'oa. Sheria za mpira wa miguu ziliandikwa mwaka 1863, na tangu mwaka 1886 zimelindwa na baraza lisilouza mipira. FIFA ikianguka kesho, watoto wa Kisumu watacheza kesho kutwa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mcheza mpira yuko kwao popote alipo, maana mchezo ni wake kama ulivyo wa mwingine.

Mcheza video yuko kwa watu. Mchezo autumiao ni mali ya kampuni iliyoutunga, kama kitabu kilivyo mali ya mwandishi wake. Mwaka 2013 kampuni ya Nintendo ilitaka kuzuia mashindano makubwa ya mchezo wake mmoja yasionyeshwe kwa njia ya intaneti; watu walipolalamika ikarudi nyuma, lakini kurudi kwake kulikuwa hisani, hakukuwa haki ya wachezaji. Mwezi wa Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba mashindano makuu ya mchezo wake uitwao Heroes of the Storm hayangefanywa tena mwaka uliofuata. Wachezaji na walimu wao, waliokuwa wamejiwekea mipango ya msimu mpya, waliipoteza kazi yao kwa tangazo moja. Hata FIFA, yenye nguvu zote hizo, haikusalimika. Jina lake lilikuwa juu ya michezo ya video ya kampuni ya Electronic Arts tangu mwaka 1993. Walipoachana mwaka 2023, FIFA iliondoka na jina lake, na kampuni ikabaki na mchezo.

Zaidi ya hayo, sheria zenyewe hubadilika kwa mkono wa muuzaji. League of Legends hurekebishwa kila baada ya majuma mawili hivi: mhusika huyu huongezewa nguvu, yule hupunguziwa. Fikiri, msomaji, kama mtengenezaji wa viatu angekuwa na uwezo wa kupanua goli siku ya Alhamisi, ili viatu vyake vipya vinunuliwe siku ya Jumamosi. Yumkini asingefanya hivyo kwa nia mbaya, lakini nani angemzuia kama angekuwa nayo?

Mfano wa nyumbani utalieleza jambo hili vizuri zaidi. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kenya nzima ilishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumtangulia, na mbio hazikuwa za mashindano ya wazi. Waliogharimia siku ile walikuwa matajiri, na mkimbiaji alikuwa kipenzi cha ulimwengu. Hata hivyo ilikuwapo sheria isiyokuwa mikononi mwao, nayo ikabaki mahali pake. Mwenye karamu hakuwa hakimu. Katika michezo ya video mwenye karamu ndiye hakimu, ndiye mwenye ukumbi, na ndiye mwenye mpira. Nani atamwambia hapana?

Labda utanijibu kwamba yapo mashirikisho ya michezo ya video, ya kimataifa na ya nchi mbalimbali, hata hapa Kenya. Yapo, nami nayaheshimu. Lakini mashirikisho hayo hupanga mashindano katika nyumba ya mwingine. Hayawezi kuzuia badiliko moja la sheria, wala hayawezi kuufufua mchezo ambao mwenyewe ameuzima.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii. Mcheza video hodari ni mshindani wa kweli, na amchekaye kwa kuwa ameketi hajui asemalo. Lakini mchezo wake bado haujawa spoti, na kasoro si yake. Ni ya wale wanaoumiliki. Siku kampuni itakapoziweka sheria za mchezo wake katika mikono ya baraza lisilouza kitu, au siku mchezo utakapotungwa ukaachwa wazi kwa wote kama Naismith alivyouacha wake, nitakuwa wa kwanza kuufungulia mlango. Mpaka siku hiyo, serikali itoayo fedha za umma kwa mashindano haya ijue kwamba yatia mbolea katika shamba la mtu. Ikipenda kutoa, itoe kwa masharti, na iwaulize wenye shamba: wachezaji wetu wana haki gani mkilifunga?

Nawe mwanafunzi, hukumu hii yakuhusu katika mambo mawili. La kwanza ni saa ya michezo shuleni. Chama cha michezo ya video chaweza kuwapo shuleni kama vile vyama vya sataranji na midahalo vilivyo, na kijana mwenye kipawa hicho asizuiwe kukikuza. Lakini kisiichukue saa ya uwanjani. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kijana wa umri wako auchangamshe mwili kwa dakika 60 kila siku, na moyo haudanganyiki kwa vidole viendavyo mbio. Shirika hilo hilo liliukubali mwaka 2019 uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Halikusema kwamba kila achezaye ni mgonjwa. Lilisema juu ya yule ambaye mchezo umemtawala hata masomo, usingizi na jamaa zake vikaharibika, naye asiweze kuacha. Jipime mwenyewe kwa kipimo hicho, bila woga na bila udanganyifu.

La pili ni mkataba. Huenda mmoja wenu ataitwa na timu ya mbali, kama Gathoni alivyoitwa, naye atafurahi, na wazazi watafurahi. Kabla ya kutia sahihi auulize mkataba ule maswali matatu: mchezo huu ni mali ya nani, ukifungwa nitalipwa nini, na nina elimu gani nyingine mkononi? Maswali hayo hayakupunguzii ustadi wako hata kidogo. Muulizaji aweza kukasirikiwa siku moja, lakini asiyeuliza atakuja kulisoma jibu katika tangazo, kama walivyolisoma wale wa Desemba 2018.

Nimesema yaliyo upande wangu. Wako walimu wenzangu wanaoona kwamba sehemu ya tatu ya kipimo changu ni kali mno, na kwamba hata kandanda ya leo imekwisha kununuliwa na matajiri. Hoja yao si nyepesi. Itwaeni muijadili darasani, kundi moja likishika upande wao na jingine upande wangu, na kila msemaji alete mfano wa kweli wenye mwaka na mahali. Mwamuzi asiwe mtu aliyeahidiwa kitu na upande wowote.